Chemchemi Chini ya Lundo

Katika misiba yetu ipo sentensi ambayo karibu kila anayepewa nafasi ya kutoa salamu huanza nayo: kazi ya Mungu haina makosa. Tunaisema kwa nia njema. Mfiwa anainamisha kichwa, mambo yanaendelea. Katika makala hii tunataka kuipeleka sentensi hiyo mahali ambapo ilikataliwa, tena ikakataliwa na Wakristo, watu wa kwaya na shule ya Jumapili, ambao walikuwa wamezoea kuzika kuliko wengi wetu. Mahali penyewe ni Aberfan, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko kusini mwa Wales, katika Uingereza, kando ya mto Taff na karibu na mji wa Merthyr Tydfil.

Kabla ya mwaka 1869 bonde lile lilikuwa la mashamba na nyumba chache tu. Mwaka ule ndipo mwekezaji mmoja aitwaye John Nixon alipoanza kuchimba shimo la mgodi wa Merthyr Vale, na baada ya miaka michache makaa yakaanza kutoka. Nyumba zikajengwa kwa safu, moja imeegemea nyingine, kuufuata mto. Kufikia miaka ya 1960 watu wa Aberfan pamoja na Merthyr Vale ng'ambo ya mto walikuwa kama 5,000, na karibu kila nyumba ilikuwa na mtu mgodini: baba, mjomba au kijana aliyemaliza shule majuzi.

Sisi Walutheri tusione jambo hili kuwa geni. Baba yake Martin Luther, Hans, aliishi kwa kazi ya migodi na tanuri za shaba huko Mansfeld, na Martin alikulia katika mji huo. Hata siku ile ya radi mwaka 1505, alipoogopa kufa njiani, jina lililomtoka kinywani lilikuwa la Mtakatifu Anna, ambaye wachimba migodi walimhesabu kuwa mlinzi wao. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo hujifunza mapema kwamba baba akiondoka asubuhi si lazima arudi jioni.

Watu wa mabonde ya Wales walilijua hilo vizuri mno. Mwaka 1913 mlipuko katika mgodi wa Senghenydd, si mbali na Aberfan, uliua wachimbaji 439 kwa siku moja. Kesi ilipokwisha, meneja alitozwa faini ya pauni 24. Hebu msomaji agawanye mwenyewe aone kila roho ilihesabiwa kuwa na thamani gani.

Basi watu hao walijengaje maisha yao? Walijenga kwa kuchangiana. Hapa tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu washarika wetu wengi wanaoishi kwa vikoba na vyama vya kufa na kuzikana watajiona humu. Mchimbaji alikubali kukatwa senti chache katika kila pauni ya mshahara wake, na kwa senti hizo wakajenga jumba la wafanyakazi lenye ukumbi na maktaba. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi amelala ubavu akigonga makaa, jioni alinawa, akaenda kusoma vitabu ambavyo yeye na wenzake walivinunua. Katika mji wa Tredegar, kwenye bonde jingine, wafanyakazi walianzisha chama cha matibabu kwa mtindo huohuo: unachanga ukiwa mzima, unatibiwa ukiugua. Mtoto mmoja wa mji huo, Aneurin Bevan, aliyeanza kazi ya mgodi akiwa kijana mdogo, alikuja kuwa Waziri wa Afya, na mwaka 1948 akaanzisha huduma ya matibabu kwa Waingereza wote. Alisema wazi kwamba mfano wake ulikuwa Tredegar.

Na kulikuwa na kanisa. Tuseme makanisa, maana kila kundi lilikuwa na lake: Wabaptisti, Wamethodisti, Wapresbiteri, Wakongregesheni, Waanglikana. Hayakuwa majengo makubwa. Ndani yake watu walijifunza kusoma kwa lugha yao ya Kiwelisi, wakubwa kwa wadogo, maana shule ya Jumapili kule haikuwa ya watoto peke yao. Walijifunza kuimba kwa sauti nne. Walijifunza kuongoza kikao, kutunza daftari la fedha, kusimama na kuzungumza mbele za watu, na wengi waliojifunza hayo kanisani wakayatumia katika chama cha wafanyakazi. Sisi tunaofundisha historia ya Kanisa tunaona hii ni kazi ya usharika ambayo haiandikwi sana katika taarifa za mwaka. Anayejua kusimamia hesabu za kwaya anajua pia kumuuliza bosi maswali ya hesabu.

Lakini makaa hayatoki peke yake. Yanatoka na mawe, udongo na vumbi, na baada ya kuoshwa hubaki tope jembamba jeusi. Takataka hiyo ilibebwa juu mlimani na kumwagwa. Kwa miaka mingi yakajengeka malundo saba, yote juu ya kijiji. Lundo la saba lilianzishwa mwaka 1958, na kufikia mwaka 1966 kimo chake kilikuwa kama mita 34. Chini ya lundo hilo palikuwa na chemchemi.

Hilo la chemchemi tunaomba msomaji alishike.

Halikuwa siri. Ramani za serikali zilizochorwa zamani, kabla ya lundo kuwapo, zilionyesha maji mahali pale, na wenyeji waliupita mlima huo tangu utotoni. Tena malundo yalikuwa yamekwisha kutoa ishara: lundo la nne liliteleza mwaka 1944, na hilo la saba lenyewe likateleza mwaka 1963. Mwaka huohuo wa 1963 mhandisi wa halmashauri ya mji aliliandikia Shirika la Taifa la Makaa ya Mawe, lililomiliki migodi yote tangu mwaka 1947, kuhusu hatari ya tope linalomwagwa nyuma ya shule ya Pantglas. Miaka miwili baadaye kina mama wa watoto wa shule hiyo walikusanya sahihi kulalamikia maji machafu yaliyokuwa yakishuka, na mwalimu mkuu akaupeleka waraka wao kwa halmashauri. Barua zilikwenda, majibu yakarudi, vikao vikafanyika. Lundo likaendelea kukua.

Mbona hawakupiga kelele zaidi? Wanakijiji wenyewe wamelieleza: katika miaka ile migodi mingi ya Wales ilikuwa inafungwa. Aliyelalamika sana kuhusu lundo aliambiwa, au alijiambia mwenyewe, kwamba gharama ya kulihamisha inaweza kuufunga mgodi, na mgodi ukifungwa kijiji kitakula nini? Mama aliyeweka sahihi kwenye waraka alikuwa na mume anayelipwa na shirika lilelile alilolilalamikia. Tusiwahukumu upesi. Wangapi kati yetu wanaishi karibu na machimbo au kiwanda, wanakohoa, wananyamaza kwa sababu mtoto analipiwa ada kwa kazi ya hapo?

Ijumaa ya tarehe 21 Oktoba 1966 ilikuwa siku ya mwisho kabla ya likizo fupi. Bonde lilijaa ukungu. Juu mlimani kulikuwa na jua. Wafanyakazi waliofika kwenye lundo asubuhi waliliona limetitia, na mmoja akateremka kwa miguu kutoa taarifa. Saa tatu na robo asubuhi lundo likakatika. Tope jeusi lilishuka mlimani, likafuta nyumba ya shamba, likaivunja shule ya Pantglas na nyumba za jirani. Watu waliokuwa chini walisikia mngurumo, wasione kitu kwa sababu ya ukungu. Walikufa watu 144. Kati yao 116 walikuwa watoto, wengi wa umri wa miaka 7 hadi 10.

Hatutaeleza yaliyoonekana. Tutasema waliofanya nini. Kina mama walifika kwanza, wakachimba kwa mikono. Kisha wachimbaji wakatolewa chini ya ardhi, wakaja na nguo zao za kazi na taa kichwani, wakachimba kwa utaratibu walioujua: kila mara filimbi ilipopigwa, watu wote walinyamaza ili wasikie kama kuna mtoto anayelia chini. Baada ya saa tano asubuhi hakupatikana tena aliye hai. Waliendelea karibu juma zima mpaka wa mwisho alipopatikana. Kanisa la Bethania likageuzwa chumba cha maiti; watoto walilazwa juu ya mabenchi, wamefunikwa blanketi, na wazazi walisimama kwenye foleni nje, usiku, wakisubiri kuingia wawili wawili kutambua. Tarehe 27 watoto 81 na mwanamke mmoja walizikwa pamoja katika makaburi ya Bryntaf mlimani, mbele ya watu wapatao 10,000. Mchungaji mmoja wa Kibaptisti wa pale kijijini alikuwa mfiwa na mhudumu kwa wakati mmoja, maana mwanawe alikufa shuleni.

Sasa turudi kwenye ile sentensi yetu.

Mwenyekiti wa Shirika la Makaa, Lord Robens, hakwenda Aberfan siku ile. Alikwenda kwenye sherehe ya kusimikwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Surrey. Alipofika baadaye, alieleza kwamba chanzo kilikuwa chemchemi ya asili ndani ya mlima ambayo hakuna mtu angeweza kuijua. Tazama kauli hiyo inavyofanana na salamu zetu za msibani. Hakumtaja Mungu, lakini alisema jambo lilelile: ni la asili, limetoka mahali tusipopaona, tuvumilie.

Wafiwa hawakuvumilia. Siku tatu baada ya maafa uchunguzi wa vifo ulifunguliwa mjini Merthyr, na majina ya watoto yakasomwa pamoja na sababu ya kifo: kukosa hewa, majeraha. Jina la mtoto mmoja liliposomwa, baba yake alisimama akakataa. Alitaka iandikwe kwamba mtoto wake alizikwa hai na Shirika la Taifa la Makaa ya Mawe. Palikuwa na kelele na vilio humo ndani, na kwa kipimo cha adabu za mahakama alikosea. Kwa kipimo cha Zaburi hakukosea. Manabii wetu walizungumza hivyohivyo.

Serikali iliunda tume chini ya Jaji Edmund Davies, aliyezaliwa Mountain Ash, bonde la jirani. Ilikaa siku 76 na kusikiliza mashahidi 136. Shirika lilijitetea karibu muda wote huo. Mwishoni Lord Robens alipoitwa kutoa ushahidi akakubali kwamba kosa lilikuwa la shirika. Taarifa ilitoka Agosti 1967. Ilisema lawama ni ya Shirika la Makaa, ikataja watu tisa kwa majina, na ikasema si watu waovu bali watu wa kawaida waliopewa kazi wasiyoiweza na wasiojali maonyo yaliyokuwa wazi. Hayupo aliyeshtakiwa. Hayupo aliyefukuzwa kazi. Robens aliandika barua ya kujiuzulu, ikakataliwa, akabaki kwenye kiti chake.

Tunaposoma habari hizi pamoja na wanafunzi wetu wa theolojia, wengi hukimbilia kitabu cha Ayubu. Sisi huwapeleka kwanza Luka 13, kwenye mnara wa Siloamu uliowaangukia watu kumi na wanane. Yesu anakataa kabisa wazo kwamba waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine. Hilo ni jibu kwa anayewalaumu marehemu. Lakini aliyeujenga mnara hatajwi, na wengine wamechukulia ukimya huo kama ruhusa ya kutomwuliza. Basi tunawarudisha Kumbukumbu la Torati 22:8, mstari ambao hatujawahi kusikia ukihubiriwa: ajengaye nyumba aweke ukingo darini, asije akaleta hatia ya damu nyumbani mwake mtu akianguka. Mungu huyohuyo tunayesema kazi yake haina makosa ameagiza ukingo. Mtu akianguka kwenye dari lisilo na ukingo, Torati haisemi ni mapenzi ya Mungu. Inamtafuta mwenye nyumba.

Luther alilielewa hivyo. Katika Katekismo Kubwa, akieleza amri ya tano, anafundisha kwamba anayeivunja si yule tu atendaye mabaya, bali pia yule aliyeweza kuzuia madhara yasimpate jirani yake, asizuie. Watoto wetu wa kipaimara hukariri maelezo ya amri hiyo katika Katekismo Ndogo, nayo yanasema pia habari ya kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili. Sijui kama tunawaambia kwamba barua ya mhandisi isiyojibiwa vizuri nayo imo humo.

Sehemu inayofuata ni ya fedha, na kwetu ndiyo inayochoma zaidi. Watu wa nchi nyingi, wengi wao maskini, walituma rambirambi. Mfuko ukafika zaidi ya pauni milioni 1.7. Shirika la Makaa lililipa pauni 500 kwa kila mtoto aliyekufa. Ofisi ya serikali inayosimamia mifuko ya hisani ikataka wasimamizi wathibitishe kwanza ni wazazi gani walikuwa karibu na watoto wao kabla ya kuwalipa. Wasimamizi walikataa kuuliza swali hilo, na tunawapongeza.

Malundo mengine yalikuwa bado pale juu. Watoto waliobaki walipoamka asubuhi waliyaona kupitia dirishani. Wanakijiji wakaomba yaondolewe. Wakaambiwa yako salama, tena ni gharama kubwa. Mwaka 1968 walibeba tope la mlimani wakalimwaga ndani ya ofisi ya serikali mjini Cardiff. Ndipo serikali ikakubali, kwa sharti kwamba mfuko wa rambirambi uchangie pauni 150,000. Yaani wafiwa walipie, kwa sadaka za kuomboleza watoto wao, kuondoa takataka za aliyewaua watoto hao. Waziri aliyehusika na Wales wakati huo, George Thomas, alikuwa mhubiri mlei wa Kimethodisti, mtu aliyeijua Biblia na kuipenda. Mbunge wa Merthyr, S. O. Davies, alijiuzulu katika kamati ya mfuko kwa kupinga malipo hayo.

Hatumtaji Thomas ili tumdhihaki. Tunamtaja kwa sababu mtu anaweza kupanda mimbarini Jumapili na kutia sahihi waraka wa namna hiyo Jumatatu, wala asione kwamba ni meza moja.

Kijiji kiliendeleaje? Si vizuri sana, na wanaopenda kusema kwamba msiba huwaunganisha watu wasome hapa kwa uangalifu. Waliofiwa na wale ambao watoto wao walipona walishindwa kutazamana. Watoto waliopona hawakucheza barabarani, maana kucheza kwao kulimwumiza mama wa nyumba ya pili. Fedha za mfuko zilileta ugomvi. Wako walioacha kuja ibadani wasirudi tena. Jengo la Bethania lilibomolewa mwaka uliofuata, kwa kuwa watu hawakuweza kuimba mahali pale walipowatambua watoto wao, likajengwa upya.

Lakini desturi ile ya zamani ya kukutana na kuchangiana haikufa. Wanawake waliunda chama chao, wakakutana kila juma, mwanzoni wakilia tu, kisha wakisoma, wakialika wazungumzaji, wakisafiri. Wanaume walianzisha kwaya, Kwaya ya Wanaume ya Ynysowen, wakaanza kuimba kuchangia watu wengine wenye shida, kama namna ya kurudisha walichopokea. Mchungaji yule Mbaptisti akabaki kuwa mmoja wa viongozi wa wafiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1969 Bunge likapitisha sheria ya kusimamia malundo ya migodi katika nchi nzima. Kabla ya hapo haikuwapo sheria iliyoyasimamia malundo hayo.

Mgodi wa Merthyr Vale ulifungwa mwaka 1989. Mwaka 1997 serikali mpya ilirudisha pauni 150,000 kwenye mfuko, kiasi kilekile, bila riba, ingawa kwa miaka 29 thamani ya fedha ilikuwa imeshuka sana. Wanakijiji waliendelea kudai. Mwaka 2007 serikali ya Wales ikatoa pauni milioni 1.5 kwa ajili ya kutunza makaburi na bustani ya kumbukumbu iliyopo pale shule ilipokuwa, na nyingine 500,000 kwa ajili ya elimu. Ilikuwa imepita miaka 41 tangu lundo lishuke, na baadhi ya wazazi walikuwa wamekwisha kuzikwa Bryntaf, karibu na watoto wao.